Mashine Tuliyoiacha Wazi

Katika simu yangu kuna kundi la watu ambao ukiwaona barabarani huwezi kudhani wana jambo la kuzungumza pamoja. Kuna mwalimu wa Katilu, muuguzi mstaafu wa Kitale, fundi wa friji wa Nakuru, na wengine ambao hata sura zao sizijui. Tunapenda mashine za kufulia za zamani, zile nzito zinazofunguliwa juu kama sufuria. Tunatumiana picha za giaboksi. Mtu akipata mkanda wa mashine ambayo kiwanda chake kilifungwa zamani, tunampongeza utadhani amejaliwa mtoto. Mwezi uliopita mwalimu wa Katilu aliuliza: hebu tuambiane ukweli, kwa nini tunazipenda? Majibu yakamiminika siku nzima. Muuguzi alisema mgongo wake hauna tena umri wa kuinamia kimlango cha chini. Fundi wa Nakuru alisema hizi za mlango wa mbele ni mashine za kudekezwa, umeme ukiyumba kidogo zinaandika herufi na kugoma, lakini ya zamani ukiipiga teke inaendelea na kazi. Mwingine akasema ukisahau soksi unafungua unaitupia ndani, hakuna wa kukuuliza. Mwalimu mwenyewe akamalizia kwamba yeye hupenda kuinua kifuniko ayaone maji yakibadilika rangi, maana ukiyaona maji unajua nguo zako zimefika wapi. Wote wakamuunga mkono. Mimi, ninayewachosha kila siku kwa maneno, sikuandika kitu. Asubuhi hiyo Neema, binti wa Fundi Bisimwa, alikuwa amenipigia kutoka Kakuma kuniambia baba yake amefariki na wameshamzika.

Habari za wazazi wangu na za shule niliyosoma hazina kazi hapa, nitaziruka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipotoka Lodwar kwenda Kakuma kutafuta kazi, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kufua mashuka katika zahanati yenye wodi, kando ya kambi ya wakimbizi, ya shirika ambalo limeshafunga virago. Chumba cha kufulia kilikuwa cha mabati matupu, nyuma ya wodi. Saa nne asubuhi mabati yalikuwa yamepata moto kiasi kwamba ukiyagusa kwa bega unaruka. Sakafu ilikuwa ya saruji, imepasuka katikati, na kwenye ufa huo povu lilikuwa likikauka na kuacha mstari mweupe ambao hatukuweza kuusugua ukatoka. Kulikuwa na mashine mbili, zote za kufunguliwa juu, zote kuukuu, zilizoletwa na wafadhili ambao nadhani walikuwa wakizitoa njiani kwao. Rangi yao ilikuwa ya krimu iliyobabuka, na chini ya kila kibabuko kutu ilikuwa imeanza kula. Ya kwanza ilikuwa ya mashuka ya wagonjwa, na maji yake yaliishia kwenye shimo la maji machafu. Ya pili ilikuwa ya nguo za wafanyakazi, aproni na mapazia. Mwenye mashine hizo, kwa mapenzi ingawa si kwa karatasi, alikuwa Bisimwa, mkimbizi kutoka Kivu, mtu mfupi mwenye vidole vinene, aliyekuwa akifuta giaboksi kwa shati lake mwenyewe na kisha kulalamika kwamba shati halina adabu.

Siku ya kwanza alinionyesha kidude kilicho chini ya kifuniko, kile kinachozima mashine ukiifungua. Alikuwa amekifunga kwa waya ili mashine izunguke wazi. "Mashini yenye kufungwa ni kama mutu anakula akajificha," aliniambia. "Miye nataka nione." Tukasimama pale, vichwa vyetu juu ya maji, tukitazama ule mti wa katikati wenye mapezi ukigeuka huku na huku na kuyavuta mashuka chini kisha kuyarudisha juu upande wa pili. Alinifundisha kusoma maji. Ya kwanza ni uji wa mtama. Ya pili, ukisuuza, ni chai ya maziwa. Ya tatu yanakuwa maziwa yaliyotiwa maji mengi, na ya nne unaona moja moja mashimo madogo ya chini ya pipa la mashine, unaweza kuyahesabu. Nilijifunza haraka. Naweza kusema bila haya kwamba baada ya miezi mitatu nilikuwa nayajua maji kuliko yeye, na yeye alikuwa akijisifu kwa wauguzi: "Atabo ana jicho." Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunisifia kitu chochote, na nilivimba kichwa. Mchana tulikula pamoja, sahani moja juu ya kifuniko cha mashine ya pili ikiwa imezimwa. Mkewe, Mama Neema, alikuwa akituletea ugali laini wa unga wa mgao na mchicha alioupanda kando ya bomba, na siku njema dagaa kutoka ziwani. Yeye na mumewe walikuwa wakitaniana sana. Alimwambia kwamba mke wake wa kwanza ni ile mashine, na yeye akamjibu kwamba mke wa kwanza hapigi kelele hivi. Walikuwa wanandoa wa kucheka. Naliandika hili ili lijulikane.

Mwaka ule mvua ilikataa. Mto Tarach ulikuwa mchanga mtupu, na mashimo waliyochimba akina mama ndani yake yalifika urefu wa mtu na zaidi. Gari la maji lilikuja zahanati mara mbili kwa wiki, na huko nje ya ua wetu wa miiba walikuwa wakingoja akina mama wa Kiturkana wa vijiji vya karibu, watu wangu, na madumu yao. Wao hawakuwa wagonjwa wala wakimbizi, kwa hiyo maji ya gari hayakuwa yao. Bisimwa ndiye aliyeanzisha lile pipa la buluu. Alitoa mpira wa kumwagia maji wa mashine ya pili kupitia tundu la mabati, na maji ya kusuuza ya mwisho, ya nguo za wafanyakazi tu, yakaingia kwenye pipa lililokuwa nje. Akina mama wakachota kwa ajili ya mbuzi na ya kukandia udongo. Ndivyo tulivyoambiana. Meneja wa zahanati aliambiwa ni ya mbuzi, muuguzi mkuu akaambiwa ni ya mbuzi. Nilikuwa nikiwasikia kupitia mabati wakipanga zamu, na siku moja nikasikia mmoja akimwambia mwenzake kwa Kiturkana kwamba haya ya leo yana ladha ya sabuni kidogo kuliko ya juzi. Nilimtafsiria Bisimwa. Aliongeza suuza moja zaidi kwenye zamu ya mashine ya pili, na hatukulizungumza tena. Tulijua wanakunywa. Kila mtu pale alijua.

Kisha kipindupindu kikaingia kambini, na mashuka yakaanza kuja kwa mapipa. Bisimwa alinikalisha chini. Hakuwa mtu wa kukalisha watu chini. "Sikia, mutoto. Maji ya wodi, hata ing'ae kama kioo, shimoni. Ya kwanza shimoni, ya mwisho shimoni. Jicho yako inaona sabuni. Ugonjwa, jicho haioni." Nikasema ndiyo. Mashuka yalipaswa kulowekwa kwenye klorini kwanza, lakini klorini ilikuwa imepungua, tukipewa kikombe kimoja kwa siku, na kikombe kile hakikutosha hata pipa moja la kulowekea. Kana kwamba hilo halikutosha, mkanda wa mashine ya pili ulikatika. Mwingine uliagizwa Kitale. Kwa majuma mawili Bisimwa alikuwa akienda kila siku kwenye stendi ya mabasi kuuliza kama umefika, na mimi nikabaki peke yangu na mashine moja, ile ya wodi, na pipa la buluu likakauka.

Akina mama hawakuondoka. Walikaa nje ya ua tangu alfajiri, madumu yamepangwa. Namkumbuka mmoja vizuri kwa sababu alikuwa akija na mvulana wa miaka mitano hivi aitwaye Ekal, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kifuniko cha dumu kisipotee, naye aliishika kazi hiyo kwa mikono miwili. Mama Ekal alikuwa akinisalimu kupitia tundu la mpira. "Ejok, Atabo." Nami nikajibu, "Ejok-noi." Halafu akauliza kama kuna kitu leo, nami nikasema mkanda haujafika. Siku hiyo ninayoizungumzia aliuliza, nikamjibu vilevile, na sikumsikia akiondoka. Nilikuwa nimefika suuza ya nne. Nikateremsha macho ndani ya mashine, maana ilikuwa wazi kama kawaida. Maji yalikuwa safi kuliko maji ya gari. Niliyaona mashimo ya chini, nikayahesabu. Niliona uchungu kwamba nitayamwaga maji yale shimoni, chini ya pua za watu waliokaa juani tangu alfajiri. Na nilikuwa na kiburi pia, lazima nikiseme, kiburi cha mtu aliyeambiwa ana jicho. Nikautoa mpira kwenye shimo, nikaupitisha kwenye lile tundu la mabati. Nikasikia sauti ya maji yakiingia kwenye pipa, na huko nje wakaanza kuitana. Mama Ekal aliingiza mkono wake wote tunduni, akanishika kifundo cha mkono kwa kunishukuru. Nilifurahi. Siwezi kusema uongo, nilifurahi mchana kutwa.

Siku ya tatu yake Ekal aliletwa wodini mwetu. Sikuambiwa na mtu, nilimwona mama yake kwenye kizingiti ameketi na dumu tupu mapajani, sijui kwa nini alikuja nalo. Mtoto alikauka kwa siku moja na nusu. Macho yalizama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Jioni ya siku ya pili lilikuja pipa la mashuka, na shuka lake lilikuwa humo, dogo, la kitanda cha watoto. Nililifua mimi. Nilifunga kifuniko cha mashine, mara ya kwanza tangu nianze kazi, nikakaa juu yake mpaka ikamaliza.

Meneja hakuwa mjinga. Wengine wawili kutoka kijiji kile walikuwa wamelazwa, na wote walichota pale. Alituita mimi na Bisimwa kwenye chumba cha kufulia, akasimama mlangoni na faili lake kwapani. "Mashine ya wafanyakazi imekufa wiki mbili," alisema. "Sasa pipa lilijaa na maji ya wapi? Nataka jina. Ripoti inaenda Nairobi leo." Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini Bisimwa akatangulia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejibu amekula wapi chakula cha mchana. "Ni miye. Nilisahau mupira." Meneja akamtazama, akanitazama mimi, kisha akaandika. Alipoondoka nilianza kulia, na Bisimwa akaniambia ninyamaze kwa sababu mabati yanasikia. "Weye uko kwenu," alisema. "Batu ya kwenu wakijua ni mutoto yao, utakimbilia wapi? Miye watanifukuza waniweke wapi? Niko mbali tayari." Akakusanya bisibisi zake kwenye mfuko wa unga. Mlangoni akageuka. "Na miye ndo nilikufundisha kuangalia ndani."

Walimfukuza kazi siku hiyo hiyo. Jina lake likafika kijijini kabla ya jua kutua, na juma lililofuata vijana wawili walimvizia kwenye mchanga wa Tarach wakamvunja mkono wa kulia. Haukuunga vizuri. Tangu hapo alitengeneza redio na tochi, vitu vyepesi, hakuweza tena kuinua giaboksi. Mimi nilipewa nafasi yake. Nilipandishwa mshahara kwa ajili ya kifo cha mtoto niliyemuua. Sina namna nyingine ya kuliandika. Kila nilipokutana naye sokoni alikuwa akiniuliza habari za mashine kama mtu anavyouliza habari za shangazi, na kila mara nilijiambia nitasema wiki ijayo, nitasema baada ya mvua. Nilirudi Lodwar. Shirika lilipofunga, nilinunua mashine ile ya wodi, na kwayo nikaanzisha kazi yangu ya dobi, ambayo imenilisha na kunisomeshea watoto. Wateja wangu wanasema nafua vizuri sana. Nasuuza mara sita na namwaga maji yote, mpaka wenye nyumba wamenigombeza.

Basi, alipopiga Neema, nilipanda gari la asubuhi nikaenda Kakuma kutoa pole. Mama Neema alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba yao ya matofali ya udongo, amezeeka, anachambua maharagwe. Nilimwambia pale pale, kabla sijanywa chai, kwa sababu nilijua nikinywa chai sitasema. Nilimwambia kwamba siku ile mpira niliugeuza mimi, na kwamba mumewe alibeba kosa hilo kwa niaba yangu. Vidole vyake viliendelea na maharagwe kwa muda mrefu.

"Weye," alisema mwishoni.

"Mimi, mama."

"Hakuniambia. Aliniambia ni yeye, alisahau." Akatupa jiwe moja dogo lililokuwa kwenye maharagwe. "Miye nilikuwa na mutoto wa miaka mitano pia, Neema. Tangu siku ile sikukula naye sahani moja. Nilimupikia, nilimufulia. Sikucheka naye tena. Miaka yote hii. Alikuwa anajaribu, weye hujui vile alikuwa anajaribu, ananiletea maneno ya kuchekesha, na miye namutazama namuona muuaji." Nikasema pole, na alinyoosha kiganja kunizuia. "Hapana. Usiniambie pole. Nenda kwa ile mama. Anaishi ng'ambo ya mto, yuko muzima. Nenda leo, usilale."

Nikaenda. Mama Ekal alikuwa nje ya boma lake, chini ya kivuli cha turubai la mgao lililochanika, akipaka mafuta kibuyu. Alinitambua mara moja, akaniita kwa jina, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tulizungumza Kiturkana, hapa naandika nilivyoelewa. Nilimweleza yote: mkanda, mashine, maji niliyoyaona safi, mpira. Nikamwambia mtu waliyemvunja mkono hakuwa na kosa. Alisikiliza bila kuniangalia. Nilidhani atapiga kelele, au ataita watu, na nilikuwa tayari. Badala yake aliuliza swali moja tu.

"Ilikuwa mara ngapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Meneja hakuuliza, Bisimwa hakuuliza, Mama Neema hakuuliza, na hapo juu mimi mwenyewe nimeandika siku ile kana kwamba ilisimama peke yake. Sivyo. Ilikuwa ya tatu. Mara mbili kabla yake, katika yale majuma mawili, niliugeuza mpira Bisimwa akiwa stendi, na sikusikia kwamba mtu ameumwa, ndiyo sababu mara ya tatu sikusita.

"Tatu," nikasema.

Akaweka kibuyu chini. "Siku chache kabla ya Ekal nilizika mdogo wake wa kike," alisema. "Asekon. Alikuwa hajaanza kutembea. Wewe humjui, nilikuwa namwacha kwa nyanya yake. Ziwa langu la kunyonyesha lilikuwa limepungua kwa njaa, nikawa namwongezea maji ya pipa. Akaharisha siku mbili. Wazee wa kike wakaniangalia, wakasema maziwa yangu yameoza." Aliweka kiganja kifuani, juu ya shanga, akakiacha hapo.

"Nilizaa wengine wanne," akasema. "Hakuna niliyemnyonyesha. Walikuwa wanalilia ziwa, limejaa, linadondoka, na mimi nawanyima."